Mali bila daftari: namna ya kuweka akiba ya kundi lako la mtandaoni

Ndugu msomaji, nikikwambia naandika makala haya nikiwa Dallas, usidhani nimepanda ndege. Dallas yangu haina ng'ombe wa Texas wala majumba ya vioo. Ni mtaa wa mji wa Embu, huku chini ya Mlima Kenya, ambako asubuhi za Julai hata mtu wa Mombasa aliyezoea kulala na feni hulazimika kuvaa sweta mbili. Tuko watu wa Pwani huku, tuliokuja kwa kazi, kwa ndoa na kwa biashara. Wengine wetu wako Meru, wengine wametawanyika kwenye miji midogo iliyo kati ya Embu na Meru.

Kwa miaka sita tulikuwa na kundi letu kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Humo ndimo tulimotangaziana misiba na harusi. Humo tuliulizana nani anateremka Mombasa wiki hii ambebee mtu mzigo. Mwezi Mei 2024, kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka na wakulima wa huku Embu wakaja juu, humo ndimo tuliposemezana kwa adabu, sisi tuliokuwa na mama zetu upande mmoja na majirani zetu upande wa pili. Na kila Ijumaa, mzee wetu mmoja, sasa ni marehemu, alikuwa akituandikia kisa kifupi juu ya familia za Waswahili alizozikuta mjini humu alipofika akiwa kijana: nani alikuwa na duka wapi, nani alisomesha watoto chuoni, nani alizikwa wapi.

Siku moja tuliamka tukakuta kundi lina jina jipya na picha ya simu za bei ya kutupa. Matapeli walikuwa wameiteka akaunti ya msimamizi wetu. Tuliandika malalamiko, tukajaza fomu, tukangoja. Hakuna aliyetujibu. Baada ya wiki mbili kundi lilifutwa kabisa, na visa vya mzee vikaenda nalo.

Vijana wetu walikuwa na dawa tayari. "Tuhamie kwenye mitandao iliyogatuliwa," walisema. "Kule hakuna kampuni moja ya kutufungia." Wako sahihi kwa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu naona watu wengi wa vikundi vya Pwani, vya misikiti, vya shule za zamani na vya ukoo wanaambiwa maneno hayohayo.

Si sisi wa kwanza

Kupotea kwa kundi la mtandaoni si jambo geni katika eneo letu. Wakenya wa umri wangu wanaukumbuka ukumbi wa Mashada, uliokuwa ukiendeshwa na David Kobia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, chuki ilijaa ukumbini mpaka ikambidi aufunge mnamo Januari 2008. Kobia baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Ushahidi. Sababu ya kuufunga ilikuwa nzuri, lakini jambo moja halibadiliki: mahali ambapo watu walikuwa wamekutana kwa miaka palifungwa kwa uamuzi wa mtu aliyeshika ufunguo.

Jirani zetu wa Tanzania nao wanayajua haya. Ukumbi wa JamiiForums ulizimika kwa muda mnamo Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipotaka waendeshaji wawe na leseni. Mnamo Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, ikasimamisha leseni ya ukumbi huo kwa siku 90. Uganda, Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu serikali ilifunga Facebook, kisha ikazima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapa kwetu Kenya, Novemba 2024, watahiniwa wa KCSE wakiwa kwenye mtihani, Telegram ilizimwa, na wote waliokuwa na vikundi vyao humo, hata wasio na mwanafunzi nyumbani, wakaachwa nje ya mlango.

Ukiyapanga matukio haya utaona kwamba kundi huweza kupotea kwa njia tatu. Mwenye nyumba anaweza kufunga mlango. Serikali inaweza kuziba barabara. Na mwizi anaweza kuiba ufunguo, kama ilivyotufika sisi. Ni vyema kuzitofautisha njia hizo, kwa sababu dawa ya moja haiponyi nyingine.

Ugatuzi wa mitandao

Mkenya hahitaji kufundishwa neno ugatuzi. Tangu mwaka 2013 tunazo kaunti 47, kila moja ina gavana wake, bajeti yake na matatizo yake, lakini mtu wa Kwale husafiri hadi Embu bila pasipoti. Mitandao iliyogatuliwa inafanana na hivyo.

Katika mtandao wa kawaida, kampuni moja ndiyo yenye kompyuta zote zinazohifadhi maneno yetu. Kompyuta hizo huitwa seva. Katika mtandao uliogatuliwa, seva ni nyingi na wenyewe ni wengi: mmoja anaweza kuwa chuo kikuu, mwingine chama cha wapiga picha, mwingine kijana mwenye kompyuta chumbani kwake. Wote hukubaliana juu ya lugha moja ya kutumiana ujumbe. Mastodon, iliyoanzishwa na Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016, hutumia lugha iitwayo ActivityPub, ambayo iliidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mnamo Januari 2018. Lemmy, ambayo ni ya mabaraza ya majadiliano, hutumia lugha hiyohiyo. Bluesky ina lugha yake, na Matrix, ambayo ni ya vyumba vya gumzo, nayo ina yake.

Kwa hiyo mimi naweza kuwa na akaunti kwenye seva ya mtu wa Nairobi, nawe ukawa kwenye seva iliyoko Ujerumani, tukafuatana na kujibizana kama tuliomo kwenye nyumba moja. Seva yangu ikiharibu tabia, naweza kuhamia nyingine. Hiyo ndiyo faida kubwa, na sitaki kuidharau.

Ugatuzi si akiba

Lakini tuulizane jambo moja. Hospitali ya kaunti moja ikiungua na mafaili yote ya wagonjwa yakateketea, je, mafaili hayo utayakuta kaunti jirani? La. Utakuta barua chache za rufaa, za wale wagonjwa waliowahi kupelekwa huko. Seva nazo ni hivyo.

Mtu wa seva nyingine anaponifuata, seva yangu huanza kumpelekea machapisho yangu mapya, na seva yake huyahifadhi. Ndipo watu husema, "Maneno yako yako kila mahali, hayawezi kupotea." Kwa kweli kilichoko kila mahali ni vipande. Machapisho ya kabla ya mtu huyo kunifuata kwa kawaida hayapelekwi. Picha hutunzwa kwa muda tu, kisha husafishwa ili kuokoa nafasi. Na seva yangu ikifa, vipande hivyo hubaki kama barua kwenye droo ya mtu mwingine. Siwezi kuingia na kuvihariri, siwezi kujibu kwa jina langu la zamani, na wafuasi wangu wanabaki wakimfuata mtu asiyekuwapo tena.

Seva hufa, tena bila serikali wala mwizi. Mozilla, shirika lenye jina na fedha, liliifunga seva yake ya Mastodon mnamo Desemba 2024. Seva ya Lemmy iliyoitwa lemm.ee, iliyokuwa mojawapo ya kubwa, ilifungwa mwisho wa Juni 2025 kwa sababu waliokuwa wakiiendesha walichoka. Ni watu wa kujitolea, na kila siku walikuwa wakipokea ripoti za matusi na ugomvi wa watu wasiowajua. Mabaraza yote yaliyokuwa na makao pale yalilazimika kutafuta pa kwenda.

Kuna hata kifo cha jina. Majina ya tovuti yenye mwisho wa .ml ni ya nchi ya Mali, na kwa miaka mingi yalitolewa bure kupitia kampuni ya Uholanzi. Mwaka 2023 Mali iliyachukua majina yake, na baadhi ya jumuiya za mitandao hii zilizokuwa zimejenga juu ya .ml zikajikuta hazina anwani. Kompyuta ilikuwepo na maneno yalikuwemo, ila hakuna aliyeweza kubisha hodi. Anayetaka kuanzisha seva ya watu wetu na afikirie hilo kabla ya kukimbilia jina la bure. Jina la .ke hulipiwa kila mwaka, lakini angalau unajua ofisi ya kwenda kulalamika.

Kundi ni nini hasa?

Tulipokaa Dallas kuhesabu tulichopoteza, tuligundua kwamba neno "kundi" lilikuwa limeficha vitu vinne, na kila kimoja kina akiba yake.

Cha kwanza ni watu, yaani orodha ya nani alikuwemo na namna ya kumpata nje ya mtandao ule. Hiki ndicho kilichotuuma mwanzo. Tulikuwa na wanachama tuliowajua kwa majina ya utani tu. Hatukuwa na nambari zao, na mpaka leo wengine hatujawapata.

Cha pili ni maneno: visa vya mzee, matangazo, picha, mijadala.

Cha tatu ni kanuni: nani ni msimamizi, nini hakiruhusiwi, nani alishatolewa na kwa nini. Kundi likianza upya bila kumbukumbu hii, wale wasumbufu wa zamani huwa wa kwanza kurudi.

Cha nne ni funguo: nywila, barua pepe iliyofungulia akaunti, laini ya simu iliyosajiliwa, jina la tovuti na risiti ya malipo yake. Sisi funguo zote zilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Alipoibiwa yeye, tuliibiwa sote.

Ukiwa kwenye mtandao wa kampuni au uliogatuliwa, vitu hivi ni vilevile. Tofauti ni kwamba mtandao uliogatuliwa unakupa njia ya kuvitoa. Kuvitoa kwenyewe ni kazi yako.

Mwanachama wa kawaida afanye nini

Kwenye Mastodon, ingia kwenye mipangilio kupitia kivinjari, si kupitia programu ya simu, utafute sehemu ya kuingiza na kutoa data. Utakuta vitu viwili tofauti, na wengi huvichanganya.

Kuna orodha ndogondogo: watu unaowafuata, uliowazuia, uliowanyamazisha na machapisho uliyoyawekea alama. Hizi hupakuliwa papo hapo na zinaweza kuingizwa kwenye akaunti mpya kwenye seva nyingine. Kisha kuna kumbukumbu kamili ya machapisho yako na picha ulizopakia. Hii huiombi kila saa; unaruhusiwa mara moja kwa kila siku 7, na ikiwa tayari hupakuliwa kama faili moja kubwa. Faili hiyo ni ya kutunza tu. Mastodon haina njia ya kuyarudisha machapisho hayo kwenye akaunti mpya.

Ukiamua kuhama, kuna utaratibu wa kuwahamisha wafuasi wako kwenda akaunti mpya. Sharti lake kubwa ni kwamba seva ya zamani iwe bado hai wakati unahama. Kwa hiyo ukisikia seva yako inafungwa, usingoje wiki ya mwisho. Wafuasi watahama, machapisho yatabaki.

Kwenye Bluesky unaweza pia kupakua faili ya machapisho yako, lakini picha na video hazimo ndani ya faili hiyo. Hizo zinahitaji kupakuliwa kwa njia nyingine. Wengi hulijua hili siku wanapozihitaji picha za harusi.

Matrix ina tabia tofauti. Chumba cha gumzo hunakiliwa kwenye kila seva yenye mwanachama ndani yake, kwa hiyo seva moja ikifa, chumba huendelea kwa waliobaki. Kwa kundi dogo linaloogopa mlango kufungwa, hiyo ni sifa nzuri. Lakini vyumba vingi huwa vimefungwa kwa fumbo, na ukipoteza funguo za kufumbulia, utabaki na maandishi yasiyosomeka. Akiba ya chumba cha Matrix ni pamoja na akiba ya funguo hizo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulijua mpaka nilipojaribu mwenyewe. Kumbukumbu unayopakua kutoka Mastodon ina machapisho yako wewe. Majibu ya wenzako hayamo. Nilipoifungua yangu nilijiona kama mtu anayezungumza na simu peke yake: "Ndiyo mzee, ahsante." "Hapana, alikuwa nduguye." Ndiyo kwa nani? Nduguye nani? Kila mwanachama huondoka na upande wake wa mazungumzo. Kundi zima haliwezi kuokolewa na mtu mmoja mwenye bidii. Ni lazima watu kadhaa wapakue kumbukumbu zao na kuziweka pamoja, au mwenye seva aweke akiba ya seva nzima.

Mwenye seva afanye nini

Mwenye seva ya Mastodon ana mambo matatu ya kunakili, kwa mpangilio wa uzito. La kwanza ni hifadhidata, ambamo mna akaunti, machapisho, uhusiano wa nani anamfuata nani, na funguo ambazo kila akaunti hutumia kuzithibitishia seva nyingine kwamba ni yenyewe. Ikipotea hiyo, hata ukijenga seva mpya kwa jina lilelile, seva za wengine zitakuona kama mgeni aliyevaa kanzu ya marehemu. La pili ni faili ya siri za seva. La tatu ni picha na faili zilizopakiwa na watu.

Kama wewe si mwenye seva bali mpangaji, una haki ya kuuliza maswali kabla ya kuwaleta watu wako. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huahidi mambo kadhaa: kuweka akiba kila siku, kuwa na mtu zaidi ya mmoja anayeweza kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na kutoa taarifa ya angalau miezi mitatu kabla ya kufunga. Ahadi si mkataba wa mahakamani, lakini asiyekuwa tayari hata kuahidi, mshukuru upite.

Uliza pia fedha zinatoka wapi. Seva inayolipiwa na mshahara wa mtu mmoja itafungwa siku mtu huyo atakapoachishwa kazi. Sisi tuliozoea vyama vya kuchangiana tunalijua hili vizuri kuliko vijana wa Ulaya: mchango mdogo wa kila mwezi kutoka kwa watu ishirini hudumu kuliko ukarimu wa tajiri mmoja.

Tatu, mbili, moja

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni ya zamani: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwetu tumeitafsiri kwa ramani. Nakala moja iko Dallas, kwenye kompyuta ya katibu. Ya pili iko kwenye diski ya nje ya mwenzetu wa Meru. Ya tatu iko Mombasa, kwa dada aliyehamia huko. Mafuriko, wizi au moto wa Embu hauwezi kuzifikia zote tatu kwa usiku mmoja.

Flashi peke yake usiitegemee. Inaingia maji, inapotea mfukoni, na siku nyingine inakataa kusomwa bila kutoa sababu. Na yale machache yasiyoweza kupatikana tena, yachapishe kwenye karatasi. Karatasi haihitaji nywila wala bando.

Kisha jaribu kuzifungua. Kila miezi mitatu chukua nakala moja, ifungue kwenye kompyuta nyingine, utafute chapisho unalolijua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama jaketi la kuogelea lililofungiwa kwenye kabati la jahazi: huenda ni zima, huenda panya wamelila, na hutajua mpaka jahazi lijae maji.

Mwisho wa hatua hizi, na pengine muhimu kuliko zote: funguo ziwe kwa watu wawili au watatu, na utaratibu wa kuzikabidhi uandikwe. Wasimamizi hufariki, huugua, hugombana na huhama. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti za wasimamizi, na zile nambari za dharura zinazotolewa wakati wa kuuweka ziandikwe pahali nje ya simu. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ukiwa umeifungia akaunti ya kundi, umemuuzia na kundi.

Lakini je, wenyewe wamekubali?

Hapa pana jambo linalosahauliwa na wapenda kunakili. Maneno ya kundi si mali ya msimamizi. Mtu anayesimulia kwenye kundi la watu arobaini kwamba mwanawe ameacha shule hakukubali maneno hayo yakae kwenye diski ya mtu wa Meru milele. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awaambie, na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Hata pale sheria isipotufikia, adabu yetu inatufikia. Siri ya jirani haihifadhiwi kwenye flashi.

Sisi tuliamua hivi. Yanayowekwa akiba ni matangazo ya wote, visa vya historia, kanuni na orodha ya wanachama waliokubali. Mambo ya ugonjwa, madeni na ndoa hayanakiliwi. Anayetaka lake liondolewe, huliomba na huondolewa kwenye nakala zote tatu. Michango ya misiba huandikwa kwenye daftari la mweka hazina, na haikai kwenye gumzo kabisa. Faili zote zimefungwa kwa nywila. Na kila anayejiunga huambiwa haya siku ya kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa.

Utaona kwamba mtandao uliogatuliwa huleta ugumu zaidi hapa. Ukifuta chapisho lako, seva yako huzitumia nyingine ombi la kulifuta, lakini hakuna anayezilazimisha kutii. Kwa hiyo mwambie mwanachama ukweli kabla hajaandika: likitoka limetoka.

Mkono wa mnakili

Watu wa Pwani si wageni wa kazi hii. Mashairi na tenzi za kale zimetufikia kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa chini na kunakili. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada mingi kwa mkono wake, na baadhi aliwanakilia wataalamu wa Ulaya waliomwomba. Bila yeye na wanakili wenziwe, mengi tungeyasikia majina tu.

Lakini angalia nakala hizo nyingi ziko wapi leo: kwenye maktaba za London na Ujerumani. Mjukuu wa Lamu anayetaka kusoma mswada ulioandikwa kwao huandika barua pepe ya kuomba. Siwalaumu waliohifadhi, kwani walihifadhi. Najiuliza tu ingekuwaje kama nakala ya pili ingebaki kisiwani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba unapoweka akiba ya kundi lako, usitosheke kujua kwamba "iko mahali fulani kwenye mtandao". Jua iko wapi, kwa nani, na kama unaweza kuifungua bila kumwomba mtu.

Na vile visa vya mzee? Hatukuvipata vyote. Mwanachama mmoja wa Meru alikuwa hajawahi kuzima arifa za barua pepe, na kila kisa kilipowekwa, mtandao ule ulimtumia barua yenye maneno yake. Alikuwa akizilalamikia kila siku kwamba zinamjazia sanduku. Tulipokaa naye tukatafuta, tulipata visa kumi na vinne, vingine vimekatwa katikati. Tumevichapisha, tumempelekea mjane wa mzee nakala moja, na nyingine ziko Dallas, Meru na Mombasa.

Kisa kimoja kinaishia kwenye sentensi isiyokamilika, mzee akitaja mtu aliyekuwa wa kwanza kufungua hoteli ya Waswahili mjini. Jina halimo. Tumewauliza wazee waliobaki, kila mmoja anataja lake. Hilo ndilo deni letu, na hakuna seva itakayotulipia. Kama una kundi, ndugu msomaji, basi leo jioni, kabla hujalala, lianzishie daftari.